Shangazi Kapu Anajibu: Gunia, Makato na Duka la Mangi

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi, na karibu zote zinalia kilio kimoja: hela. Wachache walioniuliza habari za mapenzi nimewapeleka ukurasa wa mwenzangu, ingawa kwa ninavyoona mimi, ndoa nyingi za Dar es Salaam huanza kutetereka kwenye bei ya mkaa, mapenzi yakafuata baadaye.

*Shangazi, shikamoo. Mke wangu amegundua kwamba mchele wa Kariakoo una nafuu ya shilingi 300 kwa kilo kuliko hapa kwetu Gongo la Mboto. Basi kila Jumamosi yuko Kariakoo. Anarudi jioni amechoka, mimi nimeshajipikia, na hela ya wiki imekwisha. Nikiuliza naambiwa sijui biashara. Nifanyeje?*
*Mume wa Mfanyabiashara*

Marahaba, shemeji. Tupige hesabu kidogo. Kilo tano za mchele zinamwokolea 1,500. Nauli, tuseme, ni 700 kwenda na 700 kurudi, kwa hiyo imebaki mia moja. Hiyo ndiyo faida ya Jumamosi nzima, ikiwa jua halikumlazimisha kununua maji ya baridi.

Lakini maji hayajamfilisi mtu. Kazi ni kwamba huufikii mchele wa Kariakoo bila kukatiza Mtaa wa Kongo. Pale kuna mashuka, kuna bakuli, kuna kijana anapiga makofi na kuimba “buku, buku, chagua mwenyewe!” Mkeo anarudi na kilo tano za mchele, vibanio vya nywele, na pazia la dirisha ambalo nyumba yenu haina. Kila kimoja kilikuwa rahisi, na hapo ndipo penye hatari. Kitu kikiwa ghali mtu hujiuliza kama anakihitaji. Kikiwa cha buku, nani anajiuliza?

Usimkataze. Mwanamke aliyekatazwa Kariakoo hupata msiba wa kuhudhuria Kariakoo. Mwombe aende mara moja kwa mwezi, achukue kilo 25 kwa mkupuo. Hapo nafuu inakuwa 7,500, na hata konda akidai nauli ya mzigo bado kinabaki kitu. Abebe hela ya mchele na ya nauli tu, na simu aiache nyumbani, kwa sababu siku hizi simu ndiyo pochi. Akisema hawezi kutembea bila simu, nenda wewe. Utarudi na redio.

*Shangazi, mimi ni kijana, nimepanga chumba Sinza. Kila jioni napita kwa Mangi: sukari robo, mafuta ya kupima, kipande cha sabuni, yai moja, nyanya mbili. Rafiki yangu anayesoma vitabu vya fedha ananiambia napigwa, eti ninunue kwa wingi. Nikanunua dumu la mafuta la lita tano. Limeisha kabla ya wiki mbili. Imekuwaje?*
*Dumu Tupu*

Rafiki yako amesema kweli, na papo hapo amekupotosha. Kweli ni hii: ukichukua sukari robo kwa 800, kilo umeilipia 3,200, na kilo nzima kwa Mangi huyo huyo ni 3,000. Mche wa sabuni nao ukishakatwa, vipande vikijumlishwa vinauzidi bei. Mangi hajakuibia. Anayekesha dukani mpaka saa nne usiku ni yeye, na sukari ikimwagika kwenye kupima inamwagikia yeye. Ile mia mbili ni ujira wake wa kukutunzia stoo. Chumba chako hakina stoo, kina panya.

Alipokupotosha ni hapa. Vitabu vyake vinadhani kwamba mtu mwenye lita tano hukaanga sawa na mtu mwenye kipimo kimoja. Binadamu huyo hajazaliwa. Mwenye kipimo kimoja huonyesha vitunguu mafuta kwa mbali. Mwenye dumu hujikuta anakaanga viazi saa tano za usiku. Halafu harufu ikatoka, na wapangaji wenzako wana pua. Azimio la Arusha la 1967 limeshasahauliwa kwenye mabenki na viwanda, lakini kwenye mafuta ya kula ya mpangaji bado linatekelezwa bila kupunguzwa hata kifungu. Jirani huja kuomba kijiko kimoja tu, na kijiko chenyewe ni upawa.

Kwa hiyo, mwanangu, nunua kwa wingi visivyolika wala kunukia: sabuni, viberiti, dawa ya meno. Chumvi pia, hakuna mgeni wa chumvi. Mafuta na sukari endelea kuvifuata kwa Mangi, akubanie yeye, maana wewe mwenyewe umeshindwa kujibania.

Na liko jambo ambalo vitabu vya rafiki yako havikuliandika. Tarehe 20, mshahara umekata roho, nani anafungua daftari na kukuandikia mkate na mayai bila riba? Supamaketi haina daftari. Mangi naye hamwandiki kila mpita njia. Anamwandika anayemwona kila jioni. Ukimhama kwa sababu ya mia mbili, mwisho wa mwezi utajua kwamba mia mbili ile ilikuwa bima, na umeikatisha mwenyewe.

*Shangazi, tuko wanawake watano nyumba moja hapa Temeke. Tulichanga tukanunua gunia la mchele la kilo 100, tukagawana kwa sado. Aliyepima ni yule ambaye gunia lilikaa chumbani kwake. Sado zake zilikuwa na kilele, zetu alizifuta na kiganja. Sasa hatusalimiani na mchele bado tunao.*
*Sado Bapa*

Poleni sana. Sado ni kopo la rangi, haijawahi kula kiapo. Inapima ujazo, haipimi uzito. Mchele ule ule, ukiumimina taratibu unaingia mchache, ukilitikisa kopo unaingia mwingi. Kitako kikibonyezwa kwa ndani kidogo, sado inabaki kuitwa sado huku imeshapungua. Sokoni wanajua sana, na mwenzenu ana damu ya sokoni.

Kwa sababu hiyo Wakala wa Vipimo hukagua mizani na kuibandika stika, na kwa sababu hiyo hiyo wanagombana kila mwaka na lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba mpaka mkulima anatoa zaidi ya gunia na kulipwa gunia. Kule lumbesa inampunja mkulima, huku sado iliyobonyea inakupunja wewe, na katikati yenu kuna mtu anapandisha ghorofa.

Safari ijayo lipelekeni gunia kwenye duka lenye mizani, mpimiwe kilo ishirini ishirini, mwenye duka mumpe soda. Mkikosa mizani, sheria iwe moja: anayegawa ndiye anayechukua fungu la mwisho. Mtashangaa sado zitakavyolingana. Chenga za chini ya gunia msizigombanie, zilowekeni mpike vitumbua. Kuhusu salamu, mmoja wenu atoke uani asubuhi aulize, “Jamani, nani ana chumvi?” Nyumba ya kupanga haina mkataba mwingine wa amani.

*Shangazi, ili nisitumie ovyo, mshahara wote nauacha kwenye simu, kila asubuhi natoa elfu tano kwa wakala. Marafiki wananicheka. Nimekosea?*
*Mwenye Nidhamu, Tabata*

Kwa upande wa wakala umefanya vizuri mno, anakuombea maisha marefu. Makato ya kutoa hela hupanda kwa ngazi, na anayetoa kidogo kidogo ndiye anayekatwa sehemu kubwa zaidi ya hela yake. Kila asubuhi unalipia haki ya kuiona hela yako mwenyewe. Toa ya wiki mara moja, mpe bibi mmoja mkali akuwekee, awe anakugawia. Mabibi hawana makato. Hukopa tu.

*Shangazi, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, kila nikienda dukani nanunua mfuko mwingine. Kabati la jikoni limejaa mifuko, nikitoka naisahau yote. Dawa?*
*Mfuko Mwingine, Ubungo*

Kapu la ukindu. Jina langu unaliona hapo juu, kwa hiyo sitajifanya sina upande. Kapu halikunjwi likatiwa kabatini, linakaa mlangoni na kukutazama. Na lina tabia ambayo wauzaji hawaipendi: likijaa, umemaliza kununua. Mfuko ukijaa, unauziwa mwingine.

*Shangazi, naona haya kupatana bei. Nikitajiwa tu, natoa.*
*Mpole wa Buguruni*

Mdogo wangu, wewe ndiye mteja ambaye wachuuzi humsubiri hadi mvua inyeshe. Usidai ashushe bei, omba akuongezee. Mchuuzi akishusha bei mbele za watu, wateja wote waliosimama pale watataka hiyo hiyo, kwa hiyo atakukatalia hata kama inamlipa. Nyanya mbili za juu ni ukarimu, na kila mtu anapenda kuonekana mkarimu. Kwenye fungu, usidanganyike na zile zilizokaa juu. Hizo ni wasemaji wa familia, omba kuonana na za chini. Nyanya na mchicha vifuate jioni, wakati mwenye meza anawaza kuvibeba kurudi navyo. Samaki mfuate asubuhi, soko la Feri, na kabla ya kuuliza bei mfunue shavu. Likiwa limepauka, hata cha bure ni ghali.

Ila yule bibi aliyekaa chini na mafungu matatu ya mchicha, mlipe alichosema. Huyo hata mimi sipatani naye.

*Shangazi, kila nikidai chenji ya hamsini napewa pipi. Nina mtungi mzima wa pipi na meno yangu hayaniruhusu.*
*Mzee wa Chenji, Magomeni*

Kaka, zihesabu. Zikifika thamani ya mkate, zibebe zote kwenye bakuli, nenda kwa aliyekupa, uchukue mkate, umimine pipi mezani. Akigoma, mwambie noti hizo alichapa yeye. Akiendelea kugoma, niletee mimi. Wajukuu wanakuja likizo ya Desemba, na nitakulipa kwa vitumbua.