Waadhamu Wakusanya Takwimu, Tunaomba Watoto Wetu Wawe Fomu

Kwa Waadhamu Wakuu wa Takwimu za Elimu ya Awali,
katika ofisi zote, za juu, za kati na za chini, popote barua hii itakapowakuta.

Waadhamu,

Baada ya salamu nyingi, na dua za afya na umri mrefu kwenu, kwa makarani wenu na kwa mashine zenu, mimi mwalimu wa darasa la awali katika kijiji kimoja cha pwani ya Tanga nawaletea waraka huu kwa unyenyekevu wote unaompasa mtu aliyejaza fomu zenu hata mkono wake ukazoea kuandika "matundu ya vyoo" kwa hati nzuri kuliko uandikavyo jina lake. Siandiki kwa sababu ya uchovu, maana uchovu si habari, wala haukuwekewa safu. Naandika kwa kuwa nina maombi. Na maadamu ninyi mmekuwa mkiniomba miaka yote hii, nami sikuwanyima kitu, nadhani insafu inaniruhusu kuomba na mimi.

Namna mambo yanavyokwenda mnaijua, kwa kuwa ndivyo mlivyoyapanga. Asubuhi watoto wamekaa juu ya mkeka, kila mmoja na chungu yake ya vizibo vya soda, tunajifunza kuhesabu mpaka tano. Simu inalia. Taarifa inahitajika haraka: watoto wa awali kwa jinsia, kwa umri, wenye ulemavu kwa aina zake, wenye vyeti vya kuzaliwa na wasio navyo, viti, meza, matundu ya vyoo, mwisho leo saa sita mchana. Agizo hilo lilitoka kwenu jana, likalala wilayani, likachelewa kuamka kwenye kata, na kwangu limefika saa tano na nusu. Basi hesabu ya vizibo husimama ili hesabu ya watoto ianze. Mtoto aliyekwisha kufika kizibo cha nne huninyoshea mkono akauliza, "Mwalimu, na cha tano?" Nami humwambia asubiri, cha tano kinatakiwa Dodoma.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali, na ile ya 2014 ikaifanya kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja kwa watoto wa umri wa miaka 3 mpaka 5. Ilipofika Januari 2016 ada ikaondolewa, na wazazi, kwa furaha iliyo haki yao, wakatuletea watoto wote waliokuwamo nyumbani. Kiwango kilichowekwa na Serikali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Mimi ninao wa kuwatosha walimu wanne, na mwalimu ni mimi peke yangu. Hili halikufichwa: nimeliandika mwenyewe, kwa wino na kwa kidole, katika kila fomu, nanyi mkalipokea, mkalijumlisha, mkaligawanya, mkalichorea michoro ya rangi tatu, na mwaka uliofuata mkaniuliza tena, kana kwamba mlikuwa na matumaini kuwa huenda nitabadilisha maneno.

Wala hamniulizi kwa kinywa kimoja. Mtoto aliye katika darasa la awali ni wa elimu. Mwenzake wa umri ule ule aliye katika kituo cha kulelea watoto mchana ni wa ustawi wa jamii, kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Uzito wa kila mmoja wao ni wa afya, umo katika kadi ya kliniki. Na kuzaliwa kwake ni kwa msajili wa vizazi. Kila idara ina daftari lake, ina afisa wake, na ina haraka yake. Watoto wafupi, wasiofika kiunoni mwangu, wamegawanywa baina ya mabwana wanne, na hakuna bwana hata mmoja aliyewahi kumuuliza mwenziwe, "Wewe ulipata ngapi?" Taifa lenyewe limekwisha kuliona jambo hili, kwani Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya 2021/22 mpaka 2025/26, ilitungwa ili afya, lishe, malezi, ujifunzaji wa awali na ulinzi wa mtoto viende pamoja. Ikiwa wahusika wamekwisha kuketi pamoja, basi naomba kwa adabu wale wanaoendelea kunipigia simu, kila mmoja kwa siku yake na kwa swali lile lile, waarifiwe kuwa kikao kilifanyika.

Maombi yangu madogo ni haya. Kwanza, "leo saa sita" itufikie kabla ya saa sita, au ihamishiwe siku nyingine. Pili, mintarafu ya kishikwambi: nakishukuru kwa dhati, kwani kililetwa baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, kikiwa kimekwisha kuhesabu taifa zima na kupata uzoefu ambao mimi sina, lakini hakikuja na bando, nami hulinunua kwa mshahara wangu ili niwatumie habari ya kwamba sina viti. Tatu, naomba nifundishwe ile hesabu ya uandikishaji wa jumla, ambamo watoto waliomo darasani, wa umri wowote, hugawanywa kwa watoto wa umri rasmi waliomo nchini, na jibu likaweza kuvuka asilimia 100, hata mtoto ambaye hakuja akahesabiwa kuwa yupo kwa fadhila ya mwenziwe aliyezidi umri. Nne, nawakumbusha kwa upole kuwa kipimo cha 4.2.2 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu huuliza ni watoto wangapi wamo katika masomo mwaka mmoja kabla ya kuanza shule ya msingi. Hakiulizi wamekalia nini, na sisi tumeuelewa ujumbe huo.

Tano, ile safu ya sababu za kuacha shule. Nilipomwandika binti wa miaka mitano, asiyekuja tena kwa kuwa masika yameujaza mto ulio baina ya kwao na shule, fomu ilinitaka nichague moja katika nne: utoro, mimba, kifo, nyinginezo. Mtoto wa miaka mitano, waadhamu. Nikamtia katika nyinginezo. Na hapa mniwie radhi, kwa maana heshima inanipungua: kila muhula mwataka kujua matundu, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuuliza kama mto ule una daraja au hauna. Mama yake humleta mpaka ukingoni, akayatazama maji, akageuka naye. Siku atakapokuja mama asiyegeuka, fomu yenu iko tayari kabisa, maana safu ya kifo mnayo. Safu ya daraja hamna. Mliketi katika ukumbi, mkanywa chai, mkafikiri kila linaloweza kumpata mtoto wa awali, mkakumbuka mimba, mkasahau mto.

Nimeghafilika, narudi kwenye adabu.

Sasa nafika kwenye ombi langu kuu, nililolipima kwa muda mrefu na ambalo naliwasilisha likiwa limekamilika, lisilohitaji kamati wala mshauri mwelekezi: tunaomba watoto wote wa darasa la awali watambuliwe rasmi kuwa ni fomu.

Msicheke mapema, tazameni kwanza hali ya fomu katika nchi hii. Fomu hulala katika kabati la chuma lenye kufuli, ndani ya chumba kisichovuja, kwa kuwa takwimu zikilowa huharibika. Watoto wangu, mvua inaponyesha, hujikusanya katika pembe moja ya darasa, ile ambayo bati lake halijatoboka. Fomu haikai chini hata siku moja: huwekwa mezani, na mbele yake kiti, na juu ya kiti mtu mzima mwenye miwani, anayeisoma toka mwanzo hata mwisho pasi na kupiga miayo. Fomu isafiripo hupewa gari, gari hupewa mafuta, na mtu wa kuisindikiza hupewa posho ya kulala, ingawa aliyelala ndani ya bahasha ni yeye fomu. Kabla fomu mpya haijaingia wilayani huandaliwa warsha, ili wote watakaoishika wajue namna ya kuishika. Na fomu ikichelewa hutafutwa. Hupigiwa simu kata, kata ikampigia mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akanijia mimi mbio jasho likimtoka. Laiti yule binti wa ng'ambo ya mto angalikuwa fomu, asingalilala siku mbili bila ya kuulizwa. Wangalimfuata kwa mtumbwi.

Utaratibu wa kuwageuza si mgumu, nami nimeuandaa ili kuwapunguzia kazi. Watoto wa miaka minne watakuwa fomu ya ukurasa mmoja, na wa miaka mitano fomu ya kurasa mbili, iliyobanwa pini mahali pasipouma. Muhuri utagongwa juu ya mkono na si juu ya paji la uso, ili bibi zao wasiingiwe na hofu. Na wino uwe ule unaotoka kwa sabuni, kwa kuwa mwaka ujao mtawagonga tena. Katika mapacha, mmoja atakuwa nakala halisi na mwenziwe nakala kivuli, na wazazi ndio watakaoamua nani ni nani, kwa maandishi, mbele ya mtendaji wa kijiji. Asubuhi akina mama, badala ya kuhangaika na sare, watawatia katika bahasha za kaki zenye anuani. Mtoto anayelia ataandikwa kuwa ni fomu iliyolowa, ambayo kwa kanuni huanikwa na wala haichapwi. Na atakayefaulu kuingia darasa la kwanza atatangazwa kuwa toleo jipya, akazinduliwa kwa kukata utepe.

Faida iliyo kubwa kupita zote nimeiweka mwisho. Fomu, kwa sheria zenu wenyewe, sharti ijazwe. Sijamwona mkubwa avumiliaye fomu tupu. Ikibaki nafasi moja wazi hurudishwa wiki ile ile, imezungushiwa wino mwekundu. Basi mtoto akishakuwa fomu, tumbo lake saa nne ya asubuhi litakuwa ni nafasi iliyoachwa wazi, na nafasi iliyoachwa wazi hairuhusiwi. Mtu atapigiwa simu. Uji utapatikana kabla ya saa sita.

Najua mtakalojibu. Mtasema kuwa jambo hili haliwezekani, kwa kuwa mtoto ni kiumbe mwenye roho, akua, aumwa, acheka, awapo na asiwapo, na hawezi kufungiwa kabatini. Nafurahi sana kulisikia hilo kutoka kwenu, kwani nilianza kuingiwa na shaka kama mnalijua.

Wala mtu asidhani kuwa nachukia takwimu. Bila ya hesabu hapajengwi darasa wala haletwi mwalimu. Mtoto ambaye hakuandikwa popote hawezi kudai chochote, na kwa hiyo niliifurahia ile kazi iliyoanza Mbeya mwaka 2013, ya kusajili watoto walio chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti bila ada karibu na kwao, kwenye ofisi za kata na vituo vya afya, kwa kuwa pale mzazi aliyetoa habari aliondoka na karatasi mkononi. Hiyo ndiyo murua ya hesabu: aliyehesabiwa apate kitu. Hizi zenu kwangu zinapanda tu. Nimetuma idadi ya watoto, hakuja mwalimu. Nimetuma idadi ya viti, ambayo ni sifuri, namba isiyohitaji uhakiki, na uhakiki ukaja. Sijapata karatasi moja iliyoshuka ikasema: tumeona mlivyo, mwaka kadha tutawaletea hiki, na kile hatuna uwezo nacho. Hata "hatuna" ingalinitosha, maana ningalijua kuwa yupo aliyesoma. Mtu akiniuliza njaa ya watoto wangu kila muhula, akaiandika vizuri, akaenda zake, naye muhula unaofuata akarudi kuiuliza upya, huyo hakusanyi takwimu; anafanya dhihaka, na anaifanya kwa fedha za umma.

Kwa hiyo, waadhamu, likiwashinda ombi kuu, nakubali kulipunguza mpaka lilingane na uwezo wenu: msinitumie fomu nyingine kabla hamjalijibu swali la fomu iliyotangulia. Chumba kwa chumba, safu kwa safu, mbele ya kila namba niliyowapa wekeni neno moja la mliyoyafanya kwayo; na pale msipofanya kitu, andikeni kuwa hamkufanya kitu, mtie sahihi, mgonge muhuri. Mwisho ni leo, saa sita mchana.

Nanyi wazazi mtakaosomewa barua hii: yeyote atakayekuja kuwahesabu wana wenu, mpeni kiti ikiwa mnacho, mpeni na maji, kisha muulizeni hesabu ya mwaka jana ilileta nini hapa kijijini. Asiwatajie asilimia. Awaonyeshe kitu.

Wenu mtiifu,
Mwalimu wa darasa la awali,
pwani ya Tanga.