Klabu Inayoishi kwa Ubovu

Ukipita Ngamiani, Tanga, Jumamosi baada ya sala ya alasiri, ukasikia watu wazima wakibishana mpaka mishipa ya shingo imewatoka, usihangaike kumwita mjumbe. Ni klabu yetu ya kompyuta iko kikaoni. Na ubishi wenyewe, nakuapia, haugusi kompyuta hata kidogo. Unahusu nani alikunywa vikombe viwili vya chai wiki iliyopita akachangia kimoja.

Mimi ndiye katibu. Cheo hiki nilikipata kwa sababu siku ya uchaguzi nilikuwa msibani, na kwetu asiyekuwepo ndiye anayepita bila kupingwa. Mwenyekiti ni fundi redio mstaafu. Mweka hazina ni mwalimu wa hisabati, mtu mwenye imani kwamba fedha ya klabu ni amana na amana haitumiki. Yupo mama muuza vitenge aliyekuja kutafuta namna ya kuweka hesabu za wakopaji wake, akabaki. Yupo mzee mmoja aliyekuwa karani serikalini. Na yupo kijana wa bodaboda anayeijua Linux kuliko sisi wote tukiunganishwa, ila abiria akipiga simu anaondoka na bisibisi mfukoni, na kikao kinasimama hadi bisibisi irudi.

Kazi yetu ni kufungua kompyuta za mitumba zilizokata moto, kuzifufua inapowezekana, na kujifunza kuandika programu ndogo ndogo. Hatuuzi, hatutoi vyeti, hatulipwi. Hilo ndilo mtaa umeshindwa kulimeza. Mtu na akili zake hawezi kushinda kwenye chumba cha joto Jumamosi nzima bure! Basi zikazuka nadharia. Wapo wanaosema mle ndani mnachezwa kamari. Wapo wanaojua kwa hakika kwamba sisi ni Freemason, ila kinachowachanganya ni mbona hatuna hela.

Wanaotuamini ndio wanaotusumbua zaidi. Kwao kompyuta, pasi na king'amuzi vyote ni mambo ya umeme, kwa hiyo vyote vinaletwa kwetu. Simu iliyoingia maji inafika ikiwa ndani ya kopo la mchele, na mwenye simu anataka mchele wake urudishwe kamili. Kuna dada alikuja ametulia, akasubiri chumba kipungue watu, akamnong'oneza mwenyekiti kwamba anataka tumfungulie WhatsApp ya mumewe. Mwenyekiti alivua miwani akamjibu, "Mwanangu, sisi hizi za kwetu wenyewe tumeshindwa kuzifungua."

Chumba ni cha Bi Mkubwa mmoja, nyuma ya duka la dawa. Kodi yake ni ya huruma, lakini masharti yake ni ya jeshini: viatu nje, adhana ikiadhiniwa midomo ifungwe, na LUKU tununue wenyewe. Sharti la LUKU ndilo linalotutoa jasho. Mweka hazina hununua uniti kwa kubana, na uniti zina tabia ya kuisha pale tu tunapokuwa tunapiga Windows na mashine imefika asilimia themanini na kitu. Giza likiingia hakuna anayesema neno. Tunageuza tu shingo kumtazama mwalimu wa hisabati, naye anatazama dari.

Kwenye siku za namna hiyo huwa nawasimulia wenzangu habari za Homebrew Computer Club, kuwapa moyo. Hiyo ni klabu ya wapenzi wa kompyuta iliyoanzia kwenye gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California, tarehe 5 Machi 1975. Walikusanyika watu thelathini na ushee kuiona Altair 8800, kompyuta iliyouzwa vipande vipande ukaviunganishe mwenyewe. Haikuwa na kibodi wala kioo. Ilikuwa na swichi na vitaa mbele, na kumbukumbu yake ilikuwa baiti 256, yaani ujumbe mmoja wa kuomba mchango wa harusi ungeijaza na kumwagika. Katika klabu hiyo ndimo Steve Wozniak alimopata hamu ya kutengeneza mashine iliyokuja kuwa Apple I.

Lakini Wozniak siye ninayempenda. Ninayempenda ni Steve Dompier. Huyu aligundua kwamba ukiweka redio karibu na Altair, redio inadaka mikwaruzo ya mashine inapofanya kazi, na mikwaruzo hiyo ukiipangilia inatoa muziki. Akaipeleka kwenye mkutano wa klabu, akainama kuingiza programu yake swichi moja moja, kazi ya kuumiza vidole na mgongo. Mara mtu akajikwaa kwenye waya wa umeme. Kumbukumbu yote ikafutika. Dompier akainama tena, akaanza upya mwanzo mpaka mwisho, na redio ikaimba "The Fool on the Hill" ya Beatles. Watu wakashangilia kwa kusimama. Kwangu mimi, historia ya klabu za kompyuta duniani ni huyo aliyejikwaa. Jina lake silijui, lakini ninajua wajukuu zake wako Ngamiani, kwa sababu haipiti wiki mmoja wao hajaukanyaga waya wetu.

Nikifika hapo, mzee wetu karani hudakia. Anatukumbusha kwamba wakati Wamarekani wanajazana kwenye gereji hiyo, huku kwetu serikali ilikuwa imeshapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, tangu 1974. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilikuja 1965, wizara ya fedha, na haikupita hata miaka kumi tukasema basi, inatosha. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa baadaye, ndiyo maana leo tuna klabu. Vijana wakisikia wanacheka, wanasema wazee walikuwa nyuma. Mzee hacheki. Anaangalia lile rundo la mashine kwenye kona, waya zimening'inia na makava yamepanuka, kisha anasema polepole, "Wale watu waliona mbali."

Hebu nikueleze mashine yetu kuu, ile ya mweka hazina, uone kama mzee ana kosa. Ni Pentium 4 iliyokuja kwa kontena. Kwenye mazabodi ya kompyuta kuna betri ndogo bapa, mfano wa sarafu, CR2032 ya volti tatu, ambayo kazi yake ni kuifanya mashine ikumbuke saa na tarehe umeme ukizimwa. Ya kwetu ilikufa zamani. Kwa hiyo kila ukiiwasha inatoa lalamiko la Kiingereza, inadai ubonyeze F1 ili iendelee. Kitufe cha F1 hakipo. Kiling'oka, pamebaki shimo na kichuchu cha mpira, na tunakibonyeza kwa kijiti cha meno ambacho kimefungwa uzi pembeni ya kibodi kisipotee. Mgeni akiketi pale akauliza kijiti ni cha nini, anajibiwa ni cha kuwashia kompyuta, na wengi hawarudi.

Sasa, ikishawaka, mashine hiyo inaamini kwa dhati kwamba leo ni tarehe 1 Januari 2002. Mwalimu, kwa uaminifu wake wa kihesabu, haandiki tarehe kwa mkono. Programu inajijazia yenyewe. Matokeo yake ni kwamba katika vitabu vya klabu kila mwanachama amelipa kila mchango wake siku moja, ya mwaka mpya, miaka mingi kabla klabu haijazaliwa. Wadaiwa ndio walioifurahia hali hiyo. Kijana wa bodaboda, alipobanwa kuhusu ada, aliuliza kwa upole atadaiwaje ada ya mwaka 2002, wakati huo akiwa hajaanza hata chekechea.

Utasema, si mnunue betri? Betri yenyewe bei yake ni ya soda. Tulilipeleka kikaoni. Mwalimu akasema katiba inataka kila matumizi yaingizwe kwenye kompyuta kwa tarehe ya ununuzi, na kompyuta haina tarehe ya kuaminika mpaka betri inunuliwe. Mama wa vitenge akajitolea kuinunua kwa hela yake. Mwalimu akasema huo utakuwa msaada, na msaada nao unaingizwa kwa tarehe. Suala likahamishiwa kwenye mengineyo, na mengineyo kwetu ndiko mambo yanakozikwa.

Mashine nyingine zina vituko vya pwani. Hewa ya bahari ni adui mzito: chumvi na unyevu vinafanya uchafu kwenye meno ya dhahabu ya ramu, ukiiwasha kompyuta inapiga mlio mrefu na kioo kinabaki cheusi. Dawa yake ni kifutio cha penseli cha shule. Unachomoa ramu, unayasugua yale meno taratibu, unapuliza, unarudisha, na mara nyingi inawaka palepale. Tumefufua mashine nyingi kwa kifutio kuliko kwa elimu. Kwenye pawa saplai tumewahi kukuta mjusi amekaukia ndani, mkia umegusa huku na kichwa kule. Sisimizi wao huhamia na mayai yao kabisa, kwa sababu mle ndani kuna joto na hakuna anayefagia.

Ila siku ambayo mtaa unaikumbuka ni ya swichi nyekundu. Pawa saplai nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu kwa nyuma, imeandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Marekani wanatumia umeme mdogo, sisi mkubwa. Mashine iliyotoka kule huja ikiwa kwenye 115, na ukiichomeka hivyo hivyo kwenye soketi zetu, saketi ya ndani inaongeza juu ya kilichozidi, na kapasita haziwezi kuvumilia. Ndugu wa mwanachama mmoja alileta mashine kutoka Marekani, nzuri, haina hata mkwaruzo. Mwenyekiti akakaa mbele yetu na kutoa somo refu kuhusu swichi hiyo. Akaeleza hatari zake, akaisogeza kwenye 230, wote tukaona, tukaandika. Halafu akaenda kunawa mikono. Kijana mmoja mgeni, ambaye somo lilimpita kwa kuwa alikuwa anachaji simu, akaja akaona swichi imewekwa tofauti na alivyoikuta mwanzoni, akasema moyoni kuna mtu ameiharibu, akairudisha. Kistaarabu kabisa.

Mwenyekiti aliporudi akachomeka waya.

Kilipigwa kishindo hata duka la dawa wakafunga mlango. Moshi mweupe ukatoka kwa nyuma na ile harufu ya samaki aliyeungua ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Tulilala chini wote isipokuwa mwalimu, aliyekimbilia boksi la hazina. Kisha pazia likasogea, akaingia Bi Mkubwa na chetezo mkononi, ubani unafuka. Hakupiga kelele. Alizunguka chumba chote akifukiza kona moja baada ya nyingine, na alipomaliza akauliza, "Mmekufa wangapi?" Tukamwambia hakuna, Bi Mkubwa. Akasema alhamdulillahi, kodi ni ile ile, na huo ubani tutaulipia.

Jumamosi iliyofuata tulijaa hadi uani. Watu ambao hatujawaona tangu Ramadhani walikuja kuiona mashine iliyolipuka. Mwenyekiti aliifungua, akatuonyesha kapasita zilizopasuka vichwa, akaeleza umeme unavyopita, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyesinzia. Yule kijana mgeni alikuwa mstari wa mbele. Sasa hivi ni mwanachama hai, na amepewa dhamana ya swichi zote.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa klabu yetu, na nilihakikisha baadaye, tulipojaliwa neema. Msamaria mmoja alitupa laptop chache, nzima, za kisasa, zinawaka ukibonyeza tu. Tulisoma dua. Wiki ya kwanza kila mtu akaketi na ya kwake, kimya, hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu kwa sababu hapakuwa na cha kuuliza. Chai ilipoa. Wiki ya pili tukawa nusu. Baadaye tukabaki mimi, mzee karani na Bi Mkubwa, ambaye alikuwa amejifunza kucheza karata kwenye laptop na hakutaka kusumbuliwa. Mwenyekiti, mtu aliyefufua redio maisha yake yote, alikaa kwenye benchi na bisibisi yake akiigeuzageuza, hana cha kufungua. Ikabidi tuziazime laptop kwa shule ya jirani, zikafanye kazi kwa watoto wanaozihitaji, na sisi tukarudi kwenye rundo letu la kona. Kijana wa bodaboda akarudi siku hiyo hiyo. Ubishi ukarudi pia.

Watu wenye klabu kama zetu hukesha wakitafuta wafadhili na vifaa vipya. Mimi nasema wanatafuta ugonjwa. Kompyuta nzima haihitaji klabu, inahitaji mtu mmoja na kiti. Iliyoharibika inahitaji wa kushika tochi, wa kushika bisibisi, wa kusoma maandishi madogo, wa kubisha, na wa kwenda kuchukua mihogo wakati wengine wanabisha.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama una kompyuta imekaa juu ya kabati inakula vumbi, usiitupe na usimuuzie mtu wa vyuma chakavu. Tuletee Jumamosi, saa kumi alasiri, nyuma ya duka la dawa. Tunapokea mashine, laptop, ramu, hadidiski, hata waya peke yake. Monita za chogo hatupokei tena. Tuliyonayo kuku wa Bi Mkubwa ameshaitagia, na hatuna pa kumhamishia.