Maji ni Mazito

Siku ya tisa bila maji, bomba la nyumbani kwetu Kimara lilikoroma, likatoa hewa, likanyamaza. Ilikuwa Oktoba 2022. Mto Ruvu, unaoshuka kutoka milima ya Uluguru na kunywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam, ulikuwa umekauka kiasi cha kutisha. Uzalishaji wa maji ulishuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi milioni 300, na mgao ukatangazwa. Redioni tarakimu hizo zilipita upesi. Kwetu zilikuja kwa sura ya madumu matupu barazani, na kijana wa mkokoteni aliyetuuzia dumu la lita 20 kwa shilingi 500.

Tuko watu sita. Maji yaliyoogesha watoto yalidekia sakafu, yaliyodekia sakafu yakaenda chooni. Asubuhi moja mama mkwe wangu, aliyekulia Unguja, aliinua macho akalitazama bati letu. "Mwanangu," akasema, "mna paa kubwa hivi, halafu mnanunua maji?"

Neno lile lilinikaa. Zamu yangu ya upatu ilikuwa imefika, baba watoto akaongezea, tukanunua simtanki la lita 2,000 na gata za pande zote mbili za bati. Fundi alipokuja alitaka kwanza ajenge kitako cha tofali na zege, kikauke siku kadhaa. Nikamwambia hatuna siku hizo, vuli iko mlangoni. Apige kichanja cha mirunda, kitako tutajenga baadaye. Akanitazama. "Mama, maji ni mazito." Nikashikilia langu. Jioni tanki lilikuwa limekaa juu ya kichanja, jeusi, jipya, ukiligonga linalia kama ngoma.

Mvua ya maana ilikuja usiku mmoja wiki kadhaa baadaye. Tuliamka sote. Maji yalisikika yakishuka ndani ya bomba la gata, watoto wakapiga makofi kitandani. Mama mkwe akatoka na kanga kichwani, akapaza sauti: "Haya ya kwanza yaacheni yapite! Mvua ya kwanza inaosha bati!" Hatukuwa na pa kuyapitisha. Vumbi la miezi, kinyesi cha popo, majani ya mwembe, vyote vilizama tankini.

Ilipokaribia saa kumi alfajiri tulisikia mlio mkavu, kama kuni inayovunjwa gotini. Kisha wa pili. Baba watoto akakimbilia mlango wa uani, nikamkamata fulana, nikamng'ang'ania. Kichanja kikalala upande, tanki likabiringika, likapasuka shingoni, na maji yote yakateremka mlima kwenda kwa jirani wa chini.

Kulipopambazuka nilimkuta akikomba tope jikoni kwake kwa sahani. Mkaa wake ulikuwa umelowa, unga umekuwa uji. Nilipiga magoti kumwomba radhi. Akaniinua, akanionyesha ukuta ambao tanki lilisimama hatua moja tu kabla ya kuugonga. "Nyuma ya ukuta huu," akasema, "ndipo wanapolala watoto."

Hesabu ambayo ningepaswa kuipiga mapema niliipiga siku ile. Milimita 1 ya mvua juu ya meta 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Bati letu ni meta 10 kwa 8. Mvua ya milimita 25 ikinyesha usiku mmoja hutuletea lita 2,000, na hizo ni tani 2. Niliweka tani 2 juu ya mirunda minne, juu ya usingizi wa watoto wa mwenzangu, kwa kukataa kusubiri saruji ikauke.

Hesabu ileile ilinifunza jambo la pili. Dar es Salaam, katika mwaka wa kawaida, hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000. Kwa bati letu ni lita 80,000, madumu 4,000. Hatuna pa kuyaweka yote, lakini hata robo yake ni madumu 1,000 ambayo kijana wa mkokoteni hatatuuzia. Na yale tunayoyaacha hayapotei bure. Yanateremka mitaroni, yanakutana na ya mabati mengine, na masika ikikolea tunayaona bonde la Msimbazi, barabara ya Jangwani imefungwa na watu wamepanda juu ya mapaa. Jiji linalolia kiu Oktoba ndilo linalolia mafuriko Aprili. Sensa ya 2022 ilihesabu humu watu 5,383,728, zaidi ya milioni moja juu ya ile ya 2012. Ruvu haukuongezeka pamoja nasi. Mabati yameongezeka.

Tulianza upya. Fundi alijenga kitako cha tofali na zege, kifupi, kipana, tukasubiri kikauke. Kwenye bomba la gata akaweka koki ya kumwagia madumu 4 ya kwanza, lita 80, maji yanayoosha bati. Mdomo wa tanki tumeufunga kwa wavu, maana mbu wa dengue hupenda maji masafi yaliyotulia, na jiji hili halijasahau dengue ya 2019. Ya kunywa tunachemsha.

Maji ya ziada tuliyaelekeza kwa jirani, kwa ridhaa yake, yakipita kwenye bomba hadi pipa lake lenye mfuniko. Mvua ikianza usiku, mama mkwe husimama kwenye koki akihesabu madumu. La nne likijaa hufunga, na baada ya muda tunasikia sauti kutoka chini: "Yamefika, jirani!"