Barua ya wazi kwa waliotufyekea Kongwa

Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi,
Shirika la Chakula la Ng'ambo,
London.

YAH: OMBI LA KUPEWA KANUNI YA KUFYEKA BILA KUVUNA

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Pokeeni salamu kutoka Kongwa, mkoa wa Dodoma. Huku hatujambo, ila mvua tu ndiyo inayotusumbua, kama mnavyokumbuka. Nafahamu kwamba shirika lenu lilishavunjwa zamani na ninyi mlishatangulia mbele ya haki, lakini hilo halinizuii kuandika. Nimewahi kuziandikia ofisi zilizo hai, na majibu niliyoyapata ni hayo hayo ninayoyatarajia kwenu.

Shida yangu ni hii. Kuna ofisi moja, sitaitaja kwa kuwa bado nina karatasi zangu mezani kwao, inayopanga kufungua mashamba makubwa kwa mitambo. Nilibahatika kuitwa kikaoni. Tukaoneshwa picha ukutani: tingatinga la njano, pori limelala nyuma yake, vumbi hadi mawinguni, na chini ya picha idadi ya ekari zitakazofyekwa kila mwezi. Nikangoja picha inayofuata, ya gunia. Ikaja chai. Nilipouliza habari za mavuno niliambiwa hayo ni ya awamu ya tatu, na kwamba mchango wangu umepokelewa. Hapo ndipo nilipowakumbuka ninyi.

Wenzetu hawa wanajitahidi, ila bado ni wachanga katika fani. Mpango wenu wa karanga ulianza mwaka 1947, mwanzoni mwa 1951 serikali yenu ikatangaza kuwa basi, na hasara ikaandikwa zaidi ya pauni milioni 36 za wakati ule. Ujuzi wa gharama hiyo kulala makabatini si haki.

Mpango wenyewe hata leo ukiusoma unapendeza. Uingereza imetoka vitani, mafuta ya kula ni ya mgawo, na Frank Samuel wa United Africa Company anapeleka serikalini wazo la kulima karanga Afrika Mashariki. Mwaka 1946 ukatumwa ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkuu wa idara ya kilimo hapa Tanganyika. Wiki tisa hivi zikawatosha, tena sehemu kubwa ya nchi waliitazama wakiwa ndani ya ndege. Siwalaumu. Kutoka kule juu hata mnada wa ng'ombe hauna mtu. Wakarudi na hesabu: ekari 3,210,000 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, zigawanywe mashamba 107, kila shamba ekari 30,000. Hesabu ikigawanyika bila kubakisha hata ekari moja, mtu mwenye jembe hujiuliza udongo ulishirikishwa lini. Waziri wenu wa Chakula, John Strachey, hakujiuliza. Waziri ana mambo mengi.

Wagogo nao walikuwapo, ingawa kwenye ramani mahali pao palisomeka pori. Wakati ndege ile inapita, kila mzee wa Ugogo alikuwa anaikumbuka Mtunya, njaa kubwa iliyoanza mwaka 1917, ukame ulipokutana na majeshi ya Wajerumani na Waingereza yaliyokwishachukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Mzee yeyote kivulini pa tembe lake angeulizwa kwa nini analima uwele na mtama, na kwa nini akiba yake inatembea kwa miguu minne, angejibu bila kudai posho ya kikao. Mvua ya huku huja, hukatika katikati ya msimu, kisha hurudi mmea ukiwa umeshakata tamaa. Mzee huyo lakini hakuwa na takwimu, nanyi mlizitaka takwimu. Za mvua ya Kongwa hamkuwa nazo za kutosha, basi mkaendelea bila mzee na bila takwimu.

Sasa nifike kwenye mitambo, maana ndiyo hasa iliyonifanya nichukue kalamu.

Mlikusanya matingatinga na matrekta yaliyoachwa na jeshi la Marekani kule Ufilipino, mengi yakiwa hoi kabla hayajaiona Dodoma. Kampuni ya Vickers ikachukua vifaru vya vita vya Sherman, ikaving'oa mizinga, ikavigeuza matrekta, yakaitwa Shervick. Hadi msimamizi mkuu wa Kongwa alikuwa jenerali. Kwa maandalizi hayo pori lilipaswa kujisalimisha. Vichaka vya huku, bahati mbaya, havikusomea vita. Ni mashina yaliyosukana hata mbuzi anatafuta njia, na chini ya ardhi mizizi imeshikana kuliko hayo yanayoonekana juu. Mibuyu nayo ilikuwa na wenyewe, nyuki, ambao hawakuwa wameona barua ya uhamisho. Inasimuliwa kwamba baadhi ya watu wenu waliishia hospitali.

Ndipo likaja wazo ambalo mpaka leo nalivulia kofia. Matingatinga mawili yanakwenda sambamba, kati yao umefungwa mnyororo wa nanga ya meli unaoburuzwa, na la tatu linafuata nyuma kusukuma mti unaokaidi. Inasimuliwa pia kwamba agizo la minyororo lilipofika London lilifutwa, kwa kudhaniwa ni mzaha: nanga ya nini Ugogo, mamia ya kilomita kutoka baharini? Karani aliyefuta agizo lile ndiye mtu pekee katika mradi mzima ambaye ningempandisha cheo.

Mnyororo ulifanya kazi, lazima niseme kwa haki. Pori lililala. Kuanzia siku hiyo mkawa na kitu cha kuhesabu na cha kumwonesha mgeni: ekari zilizolazwa. Mti ukilazwa mizizi haina habari. Inabaki pale pale ikisubiri jembe la trekta, jembe likija linajikunja, linapelekwa karakana, na karakana haina kipuri cha aina ile kwa sababu kila mashine ilitoka kwao na tabia zake. Mwaka wa kwanza mlipanga ekari 150,000. Mwaka ulipokwisha, zilizokuwa zimefyekwa hazikufika 10,000, na matrekta mengi yalikuwa yamelala kuliko pori lenyewe. Hata mgomo ulioanzishwa na wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam mwezi Septemba 1947 ulipanda reli ukafika Kongwa, tena mapema kuliko vipuri.

Na hapo, Waheshimiwa, tulikuwa bado hatujaanza kulima.

Karanga ni mmea wa ajabu kidogo, na samahani kama nawafundisha kazi yenu. Ua lake huchanua juu kama maua yote. Likinyauka, hutoa kikonyo kinachoinama chini, kikajichimbia ardhini, na ganda hukulia huko. Kwa hiyo udongo wa karanga ni ule ambao kikonyo laini kama uzi kinaweza kuupenya. Akina bibi huku huuchagua kwa kuusugua kiganjani: ukimomonyoka, panda, ukishikamana, tafuta kitu kingine cha kupanda. Kipimo hicho hakihitaji ndege. Udongo wenu wa Kongwa ulikuwa na mfinyanzi, na chembe zake kali zilikula chuma cha majembe. Ulipolowa ulidanganya. Ulipokauka ukawa sakafu. Vikonyo vikagonga mlango bila kufunguliwa, na karanga zilizokwisha kuingia zikakataa kutoka. Mkahamia alizeti, jua la 1949 likazimaliza.

Hesabu ya mwisho ndiyo inayoninyima usingizi: tani 4,000 za mbegu zilinunuliwa, zikavunwa tani 2,000 za karanga. Mkulima wa jembe la mkono akipanda madebe mawili akavuna moja, majirani humpeleka kwa mganga. Ninyi mlipeleka taarifa bungeni.

Sitaki mnione mtovu wa shukrani. Kwa ajili ya mashamba yenu ya kusini, kule Nachingwea, mlijenga reli, na bandari ya Mtwara yenye kina kirefu, ambayo ilifunguliwa mwaka 1954 wakati karanga za kupakia zilikuwa zimeshakuwa historia. Reli iling'olewa miaka ya mwanzo ya uhuru, lakini bandari ipo, na korosho zinapita pale. Urambo, mlikojaribu pia, wakajikuta na tumbaku. Huku kwetu sehemu ya eneo lile sasa ni ranchi ya taifa, kumaanisha kwamba baada ya pauni zote zile tumefika kwenye ushauri wa mzee wa tembe: hapa ni pa ng'ombe.

Na kuna jambo ambalo nasitasita kuwaambia. Leo Kongwa inalima karanga. Inalima na alizeti, na mahindi yanayojaza malori pale soko la Kibaigwa, katika wilaya hii hii iliyowashinda. Wanaolima ni watu wa ekari mbili, nne, sita, kwa jembe, kwa ng'ombe, na wengi kwa trekta la kukodi. Trekta hatuna ugomvi nalo. Likija likalima, likalipwa, likaondoka, ni ndugu. Lakini mtu wa hapa akifungua pori huanza na kipande, anaviacha visiki vikubwa, anapanda msimu mmoja au miwili akiuangalia udongo na maji yanakokimbilia, ndipo aamue kama aongeze au arudi nyuma. Akikosea, amekosea ekari moja, na kichaka hurudi kuifunika aibu yake. Ninyi mlipokosea, mlikuwa mmekosea upeo wa macho.

Nilijaribu kulisema hili kikaoni. Bwana mmoja mwenye kalamu mbili mfukoni akanijibu kwa upole kwamba utaratibu wangu hauna kasi. Ni kweli. Una ubaya mwingine pia ambao hakuutaja kwa heshima: ekari moja haina uzinduzi. Hakuna utepe wa kukata, hakuna turubai wala kwaya, na kiongozi hawezi kupanda juu ya mbuzi akapungia mkono waandishi wa habari. Kwenye tingatinga anapanda, na siku ya kupanda tingatinga mavuno hayaulizwi, ndiyo maana kila mpango wa namna hii huanza na sherehe. Mkandarasi naye analipwa kwa ekari iliyolazwa. Angelipwa kwa gunia, nadhani tungemwona amechuchumaa akiusugua udongo kiganjani kabla ya kuwasha mashine.

Kwa hiyo naomba mambo machache. Mnitumie ripoti za vikao vyenu, hasa ukurasa ambapo mtu wa kwanza aliuliza kama karanga zitaota, na jina la aliyemnyamazisha, kwa kuwa nadhani mjukuu wake yuko kwetu. Mnieleze mlitumia maneno gani kumwambia mlipa kodi kwamba mbegu zimezidi mavuno. Wenzetu watayahitaji katika awamu ya tatu. Na kama mna ramani ile iliyochorwa kutoka angani, naomba nakala, nitafute nyumba yetu.

Nimeambiwa mitambo itawasili kabla ya mvua za Novemba, hivyo jibu la haraka litashukuriwa. Mkiwa hamna nafasi ya kuandika, tumeni basi ule mnyororo. Nina ng'ombe wawili wa kulimia na kamba zao zimechakaa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa ekari nne,
Kongwa.

Nakala: Jalada.