Kucha Moja, Kanga Moja

Mtu anayetafuta heshima asipige banjo. Ajifunze udi, ajifunze fidla, au ashone suti nzuri akae kimya mbele za watu. Banjo ukiibeba begani hapa Durham, Carolina Kaskazini, watu huanza kutabasamu kabla hujagusa hata uzi mmoja. Ukishagusa, baadhi yao huacha. Mama yangu, aliyeko Tanga, nilipomwonyesha kwenye simu aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Hilo dufu limeota shingo?" Nikamweleza kwamba ndivyo ilivyo: mviringo uliowambwa ngozi, shingo ndefu, nyuzi tano. "Na huo wa tano mbona mfupi?" Nikamwambia unaanzia katikati ya shingo, ndivyo ilivyoundwa tangu zamani. Akanyamaza, halafu akaniuliza kama kazini bado wananilipa.

Tena mimi naipiga kwa nyimbo zinazozidisha balaa: zile za kale za vichekesho, walizoimba watu wa milima ya Appalachia barazani jioni, na ambazo kampuni za santuri zilizirekodi kwa wingi miaka ya 1920. Humo yumo chura anayekwenda kuposa panya, amepanda farasi, upanga kiunoni. Yumo mume mlevi anayerudi nyumbani akakuta zizini farasi asiye wake. Mkewe anamwambia ni ng'ombe wa maziwa, na yeye linalomsumbua ni ng'ombe kuvaa tandiko. Mwishowe anakuta kichwa cha pili kitandani, anaambiwa ni kabichi, anabaki kujiuliza tangu lini kabichi ikaota sharubu. Wimbo huo ulichapwa Uskoti mwaka 1776, ukavuka bahari pamoja na wahamiaji, na mpaka leo mume yule hajaelewa.

Wazee wa fani hii hawakuwa na mpango wa kuheshimiwa. Uncle Dave Macon, aliyezaliwa Tennessee mwaka 1870, alikuwa akisafirisha mizigo kwa magari ya nyumbu. Malori yalipomnyang'anya wateja, akiwa na umri wa miaka hamsini na ushei, akaichukua banjo ikawa ndiyo kazi. Aliketi kwenye kiti na meno yake ya dhahabu, akipiga kelele, akikanyaga sakafu, akiizungusha banjo hewani huku wimbo ukiendelea. Alitumbuiza katika Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha Nashville, mpaka karibu na kifo chake, Machi 1952, akiwa na miaka 81. Grandpa Jones naye alipewa jina la ubabu mwaka 1935, kijana wa miaka ishirini na kitu, kwa sababu asubuhi redioni alisikika kama mzee aliyeamka vibaya. Akavaa sharubu za bandia na buti kuukuu, akaigiza uzee miaka na miaka mpaka uzee wenyewe ukamkuta kazini.

Charlie Poole, mfanyakazi wa viwanda vya nguo wa huku huku Carolina Kaskazini, inasimuliwa kwamba aliweka dau kuwa angedaka mpira wa besiboli bila glavu. Mpira ukamvunja mkono, vidole vikapona vimejikunja, na mkunjo huo ukachangia mtindo wake wa kupiga banjo. Sijui ala nyingine ambayo ajali ya dau inahesabiwa kuwa mafunzo. Na Bascom Lamar Lunsford alikuwa mwanasheria, mtu wa shati jeupe lililopigwa pasi. Mwaka 1928 alirekodi wimbo wa mtu anayetamani angekuwa fuko chini ya ardhi. Wataalamu wameandika mengi kuhusu maana yake. Mwenye kudaiwa kodi ya nyumba haoni fumbo lolote hapo.

Mimi vidole vyangu havijavunjika, ila kucha zinavunjika. Mtindo wa kale wa milimani haupigwi kwa kukwanyua nyuzi. Unashusha mkono, unaupiga uzi kwa mgongo wa ukucha, kisha kidole gumba kinaudaka ule uzi mfupi. Baada ya miezi michache ukucha wa kidole cha kati ukaisha kabisa. Wapigaji wenzangu wakanishauri niende saluni nikabandikwe wa bandia. Nikaenda. Saluni imejaa akina mama, miguu kwenye mabeseni.

"Nataka kucha moja," nikasema.

Dada wa saluni akatazama nyuma yangu kuona kama nimemleta binti. "Ya nani?"

"Yangu. Kidole hiki."

"Kimoja tu? Na rangi?"

"Bila rangi. Ila iwe ngumu."

Saluni nzima ikatulia. Nikalipa, nikatoka na kucha imara kama ya ndege mkali. Kwenye banjo ilifanya maajabu. Kwenye sinia la pilau, Jumapili yake, ilifanya mengine. Tulikuwa tumelizunguka sinia, wanaume watupu, nikanyoosha mkono kufuata nyama, na mzee mmoja wa heshima akasita na tonge lake hewani.

"Mwanangu, hiyo kucha ni ya nini?"

"Shikamoo mzee. Ni ya banjo."

"Marahaba. Imekuanza lini?"

"Siyo ugonjwa, mzee. Ni ala."

"Haya. Mungu ni mwema, utapona." Akausogeza upande wake wa pilau mbali kidogo na wangu.

Balaa halikuishia kwenye kucha. Ule uzi mfupi ukitaka kuupandisha sauti, wapigaji hugongomelea shingoni vimisumari vya reli, vile vya treni za kuchezea, na uzi unapita chini yake. Duka la treni hizo nililifuata mbali. Muuzaji, mzee mwenye mapenzi makubwa na reli, alifurahi kupata mteja mpya, akaniuliza njia yangu ni ya urefu gani na ina vituo vingapi. Nikamwambia vituo viwili tu: cha saba na cha tisa. Akasubiri nimweleze cha kwanza hadi cha sita viko wapi. Nilipotoa banjo nikamwonyesha pingili zenyewe za shingoni, ya saba na ya tisa, aliniuzia misumari bila kuongeza neno.

Kisha kuna swali la kelele. Banjo haina sauti ya chini. Jirani yangu wa ghorofa ya chini alikuwa akigonga dari kwa mpini wa fagio, na haki lazima isemwe, aligonga kwa mapigo sahihi kuliko wapigaji wengi ninaowajua. Dawa ya kelele inajulikana: unasokomeza kitambaa ndani ya ala, nyuma ya ngozi. Wengine huweka soksi, wengine taulo. Kwangu soksi zote zina wenyewe, na wenyewe huzitafuta asubuhi ya shule kwa vilio. Kabatini kulikuwa na kanga moja nyepesi, imefuliwa mara nyingi, laini. Nikaikunja, nikaisokomeza. Sauti ikatua, fagio likapumzika. Mke wangu akaanza kuuliza kanga yake iko wapi. Na mimi, kama mume mwema, nikamsaidia kuitafuta.

Kila ninapoketi na wapigaji wenzangu, wengi wao Wamarekani weupe wenye ndevu na moyo mzuri, hupatikana mmoja wa kunishika bega na kuniambia, kwa macho ya unyenyekevu, kwamba banjo ni ala yetu. Ni kweli ilitoka Afrika. Ndugu zake wapo Senegambia, kama akonting ya Wajola, yenye uzi wake mfupi wa kidole gumba, na waliokamatwa utumwani ndio waliouvusha ujuzi huo Atlantiki. Lakini mimi ni mtu wa Tanga. Kati yangu na Wajola kuna bara zima kwa upana wake, na ala ya ngozi niliyoikuta nyumbani ni gambusi, iliyotujia na pepo za Arabuni. Mwanzoni nilikuwa nikieleza yote haya. Siku hizi napokea pongezi kwa niaba ya Wajola, nasema ahsante, tunaendelea.

Ugumu zaidi umo ndani ya nyimbo zenyewe. Nyingi zilipita majukwaa ya miaka ya 1840, ambako Wazungu walijipaka masizi usoni, wakashika banjo, wakawafanyia mzaha watu weusi kwa tiketi. Kuna mbaya mpaka mfupa, hizo naziacha kaburini. Nyingine zina ubeti mmoja uliooza katikati ya wimbo mzuri, nao naukata. Siku moja mzee mmoja akanilalamikia kwamba nimeruka ubeti. Nikamwambia, "Huo mzee wangu, ukiutaka uimbe wewe, mimi nitakupigia." Akatazama viatu vyake, akasema wimbo kwa kweli unatosha ulivyo. Vijana wa bendi ya Carolina Chocolate Drops, waliokutana mwaka 2005 kwenye mkusanyiko wa wapiga banjo weusi huko Boone na kujifunza kwa Joe Thompson, mzee wa fidla wa Mebane, si mbali na kwangu, walionyesha kwamba mtu mweusi anaweza kuzipiga nyimbo hizi kwa raha bila kumezwa nazo. Walipata tuzo ya Grammy. Mimi nilipata harusi ya Greensboro.

Harusi yenyewe ilikuwa ya Waswahili kwa Waswahili: bibi harusi wa upande wa Kivu, bwana harusi wa Kigoma, ukumbi umejaa, watoto wanateleza sakafuni. Ilikuwa Agosti, joto la nje la kuchemsha, na ndani mitambo ya baridi inanguruma. Banjo nyingi za siku hizi zimewambwa plastiki, ila yangu ina ngozi ya mbuzi, kwa mapenzi ya ukale. Ngozi ikitoka kwenye unyevu ikaingia kwenye ubaridi mkavu hukaza, na sauti zote tano hupanda, kila moja kwa hiari yake. Nikawa natyuni. Mshereheshaji akatangaza mwenye gari la kijivu alisogeze. Nikazidi kutyuni. Akatangaza mtoto aliyepotea, kisha mama wa mtoto aliyepotea. Mwishowe akasema, "Ndugu wageni waalikwa, tuwe na subira, fundi bado anatengeneza chombo."

Nilichagua wimbo wa chura na panya, nikiwa nimeutia Kiswahili mwenyewe. Ni wimbo wa harusi na una nasaba: mwaka 1580 uliandikishwa London kwa jina la harusi ya ajabu ya chura na panya. Uchumba ukapokelewa vizuri. Posa kwa mjomba wa panya, vigelegele. Wakaitikia kibwagizo kwa nguvu kuliko nilivyowahi kuitikiwa. Karamu ikaanza, wadudu wakaleta zawadi, nami nikamalizia hapo kwa mkwaju mzuri, kwa sababu nilijua kinachofuata.

Shangazi wa bibi harusi alikuwa mezani mbele. "Baba, halafu?"

"Basi, shangazi. Wakaoana."

"Hadithi haiishi kwenye pilau. Halafu ikawaje?"

Na watoto wakadakia, "Halafu! Halafu!" Mbele ya halaiki hiyo, hakimu yeyote angenielewa. Nikaimba beti zilizobaki: paka anaingia, anamla bibi harusi, chura anakimbilia mtoni, bata anammeza bwana harusi.

Kimya. Bwana harusi akamtazama mkewe. Mama mkwe akaweka soda mezani.

Katika hali kama hiyo Uncle Dave Macon angeizungusha banjo, nami nikaizungusha. Nikairusha, ikapinduka hewani, mgongo wake wazi ukaelekea wageni, na kanga ikachomoka. Ikafunguka yote, ikapaa juu ya meza kuu, ikatua katikati ya mama wa bibi harusi na mama wa bwana harusi, jina lake juu: HASIDI HANA SABABU.

Shangazi alisoma kwa sauti. Kikapita kimya kingine, kifupi, cha watu wanaopiga hesabu. Kisha upande wa bibi harusi wakapiga vigelegele, kwa kuwa walielewa mara moja kwamba wamepigiwa wale wa bwana harusi. Upande wa bwana harusi wakajibu kwa vigelegele vikubwa zaidi, wakijua fika kwamba wamepigiwa wale wa bibi harusi. Kila upande ukaja kunituza. Nikabandikwa dola kwenye paji la uso na shangazi wawili wasiosalimiana. Mama mmoja akaniambia sikioni kwamba fumbo lile lingemchukua yeye mwaka mzima kulitunga.

Mke wangu alisimama nyuma ya ukumbi, mikono kiunoni. Aliitazama kanga, akanitazama mimi, hakusema kitu mpaka tulipofika kwenye gari, na hapo alisema kwa utulivu kwamba kanga ya pili ya doti ile anayo, na anajua pa kuisokomeza.

Wiki iliyofuata nikapigiwa simu na wenye harusi nyingine, huko huko Greensboro. Wamesikia sifa. Wanataka niende na banjo, chura wameshakubaliana asiimbwe, na kanga wangependa achague mke wangu. Walikuwa na orodha ya majina ya ndugu, ili asije akakosea meza.