Hotuba Juu ya Ilmu ya Msimamo wa Ligi

Waungwana wa Tanga, wenyeji wa baraza hili na wapenzi wa kahawa isiyolipiwa, na ninyi wageni mlioshuka kwenye basi la asubuhi na ambao, kwa taksiri ya malezi, mmevaa jezi mbele ya mtu anayehutubu: assalaam alaykum. Kwa kuwa hakuna chuo kilichopata kunitunuku shahada ya ilmu hii, kwa sababu iliyo dhahiri shahiri, ya kwamba hakuna mtu mwingine aijuaye kiasi cha kuweza kunitahini, nimejitahini mwenyewe, nikafaulu kwa daraja la kwanza, nikajipa mkono wa pongezi. Mwenye shaka na asimame. Vyema; bwana uliyesimama, keti, nitakujibu baadaye.

Dai langu ni moja. Watu husema kwamba mashabiki wa kabumbu wamegawanyika kwa rangi, wengine nyekundu, wengine kijani na njano. Lakini hayo ni maneno ya wasiotafakari. Mashabiki wamegawanyika kwa elimu waliyolazimishwa na nafasi zao katika msimamo: walio juu hugeuka mawakili, na walio chini hugeuka wanahisabati, na mimi, niliyewachunguza wote kwa insafu isiyo na doa, nakiri bila upendeleo wowote kwamba wa chini ndio wanazuoni.

Mbio za ubingwa ni somo jepesi, nami huwaachia watoto. Tangu Mtibwa Sugar walipotwaa taji mara mbili mfululizo, mwaka 1999 na 2000, taji hilo limekuwa likivuka barabara chache za Kariakoo, kutoka Msimbazi kwa Simba kwenda Jangwani kwa Yanga na kurudi, isipokuwa msimu wa 2013/14, ambapo Azam walilichukua hadi Chamazi pasi na kufungwa hata mchezo mmoja, adabu mbaya ambayo watani wa jadi hawajaisahau. Simba wakalishika misimu minne kuanzia 2017/18, Yanga nao wakalishika misimu minne iliyofuata hadi 2024/25. Mjinga akirusha sarafu, atapatia mara nyingi kuliko wachambuzi watatu wa redio waliokaa studio tangu alfajiri, na sarafu haiombi nauli.

Kwa hiyo, maadamu hapana cha kuhesabu, mashabiki hawa hushitakiana. Mliona wenyewe kadhia ya tarehe 8 Machi 2025, siku ambayo dabi ya Kariakoo ilikuwa ichezwe na haikuchezwa. Simba walisema wamezuiwa kufanya mazoezi katika uwanja wa mechi usiku wa kuamkia siku ile, wakashika kanuni. Bodi ya Ligi ikauahirisha mchezo. Yanga nao wakashika kanuni nyingine, wakadai pointi tatu, na dai lao likasafiri hadi mahakama ya michezo kule Uswisi, ambayo iliwaambia wamalize kwanza njia za nyumbani. Katika miezi ile mitatu na ushei, hapa barazani hapakutajwa mshambuliaji wala kipa. Muuza madafu alinukuu vifungu. Kinyozi wangu, wembe ukiwa shingoni mwangu, alinitaka nitoe fatwa iwapo timu isiyofika uwanjani ni sawa na timu iliyofika ikagoma, nami, kwa hikima itokanayo na wembe, niliafikiana naye. Tarehe 25 Juni mchezo ukachezwa, Yanga wakashinda mabao mawili kwa bila, wakawa mabingwa. Na mawakili wote wakarudi kwenye kesi yao ya kudumu, ya nani hubebwa na marefa.

Sasa nyamazeni, tunaingia chuo kikuu.

Ligi ina timu 16, kila moja ikicheza michezo 30. Ya 15 na ya 16 hushuka daraja pasipo mjadala. Ya 13 na ya 14 hukutana katika mchujo, mshindi akabaki, na mshindwa akaenda kupambana na timu itokayo daraja la chini, kugombea nafasi ile ile aliyokuwa nayo. Mchukueni basi shabiki wa timu ya 14 siku ya mwisho, ambapo michezo yote huanza kwa wakati mmoja. Mtu huyu, ambaye dukani hushindwa kuhesabu chenji ya shilingi 2,000, atakuambia bila karatasi kwamba wakishinda wao kwa mabao mawili, na wa Bukoba akatoka sare, na wa Ruangwa akafungwa kwa tofauti ya mabao matatu au zaidi, basi watabaki kwa bao moja, alimradi Yanga wakashinde kule Mbeya. Na hapo ndipo ulipo utukufu wa ilmu hii, kwa sababu mtu huyo, kama walivyo wengi katika miji yetu, ana timu mbili, moja ya mji wake na moja ya Kariakoo, na ya Kariakoo ni Simba. Tangu utotoni amewaapiza Yanga kwa kila apizo alilolijua. Alasiri ile ameinua mikono anawaombea mabao, tena kwa khushui ambayo imamu wake hajapata kuiona. Je, ni mkutano gani wa suluhu uliopata kufanya hayo?

Katika fani hii, Tanga ndiyo makao makuu. Msimu wa 2015/16 zilishuka timu tatu, Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT, na zote tatu zilikuwa za mkoa huu. Wasiojua waliita msiba, wakatutumia salamu za rambirambi. Mimi niliita mahafali: mkoa mmoja, mwaka mmoja, wahitimu watatu, na uwanja wa Mkwakwani ukabaki na nyasi zake na mbuzi wachache wenye shukrani. Bwana mmoja ananong'ona kwamba Coastal walikuwa mabingwa mwaka 1988. Walikuwa, na ubingwa ule ulitudumaza akili, kwani tulishangilia miaka mingi pasipo kujumlisha hata namba mbili. Hata msimu wa 2023/24, waliposhika nafasi ya nne na kupelekwa Kombe la Shirikisho Afrika, niliingiwa na hofu ya ujinga kurejea. Ila Waangola walitutoa mapema, masomo yakaendelea. Tukuyu Stars wa Mbeya pekee ndio niwavuliao kofia: walipanda, wakatwaa ubingwa mwaka 1986, na hawakukawia kushuka, yaani walisoma uwakili na hesabu zote kabla wengine hawajanunua madaftari.

Fauka ya hayo kuna mlango wa viporo, yaani michezo iliyoahirishwa, ambao ni mrefu, nami nitaugusa tu. Shabiki ambaye timu yake ina viporo viwili huwa amekwisha kuvila: huongeza pointi sita kabla ya refa kupuliza filimbi, hupanda nafasi mbili, hutukana watu kutoka huko juu, na vikija kuchezwa vikatoa pointi moja, hudai kwamba ameibiwa tano. Kijana mmoja wa hapa bado anadaiwa kahawa aliyoahidi kwa pointi hizo.

Naam, bwana uliyesimama mwanzo. Unataka kujua nani atakuwa bingwa mwaka huu, na nani watashuka. Swali zuri, la mtu aliyesikiliza. Njoo nalo siku ligi itakapomalizika, wakati ambapo utabiri wangu haujapata kukosea hata mara moja; na ukija, usisahau kikombe hiki, kimebaki masimbi.