Huku Watu Huogelea Bila Kwenda Kokote

Ndugu zangu wa barazani,

Mimi ni mzima wa afya, viungo vyote viko mahali pake, ila shingo imechubuka. Kilichoichubua ni kuogelea. Najua mmeshaanza kucheka, lakini msinikatize.

Kisa chote kimeletwa na jina la Zanzibar. Pale jikoni ninapofanya kazi, hapa Marseille, walipojua kuwa natoka kisiwani hawakuniuliza kama najua kuogelea. Waliniuliza huwa naogelea kilomita ngapi. Nikawajibu kwa tambo, maana mtoto wa mjini aliyekulia Forodhani kwa makachu hawezi kukubali kudharauliwa na wapishi wa bara. Lakini nyinyi mnajua na mimi najua: makachu ni kuruka. Unapiga mbio, unajipindua hewani, watalii wanapiga picha, chubwi, halafu unapiga mikono michache hadi ngazini. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba baada ya kuruka mtu anaendelea.

Huku wanaendelea. Wanashuka majini penye jabali moja, wanaambaa na magenge kwa saa nzima, wanageuka, wanarudi palepale penye jabali lao. Mkononi hamna samaki, hamna pweza, hamna hata kaa. Nina jirani yangu Mngazija, mama wa makamo, maana Marseille imejaa Wangazija, alhamdulillahi, na wao ndio walionionyesha wapi pa kupata muhogo na nazi pale soko la Noailles. Aliponiona natoka alfajiri na mfuko begani akaniuliza naenda wapi. Nikamweleza yote. Akanitazama sana, kisha akasema, "Mwanangu, nani amekulazimisha?" Mpaka leo natafuta jibu.

Tuanze na vazi. Ni la mpira, linaziba kuanzia kifundo cha mguu hadi shingoni, na kupanda halipandi. Mkuu wa kundi la waogeleaji nililojiunga nalo baada ya tambo zile ni bibi mmoja mstaafu, ambaye yeye mwenyewe vazi hilo haligusi, kiangazi wala kipupwe. Ndiye aliyenifundisha ujanja: vaa mfuko wa nailoni mguuni kwanza, ingiza mguu, utateleza wenyewe; kisha uchomoe mfuko, uhamie mguu wa pili. Basi fikirini baba mzima, saa kumi na mbili asubuhi, amekaa juu ya jabali, suti imegoma magotini, mguu mmoja umo ndani ya mfuko wa sokoni, na wanaofanya mazoezi ya kukimbia wanapita wakimwamkia kwa heshima zote. Halafu unajipaka mafuta ya mgando shingoni na makwapani, kwa sababu Mediterania ina chumvi kuliko bahari yetu, na mpira ukisuguana na chumvi ngozi huondoka. Shingo yangu ni shahidi kuwa mafuta ya huku hayana nguvu.

Mwisho unafungwa boya la rangi ya chungwa kiunoni, linakufuata nyuma, ili wenye boti wakuone. Sheria inawataka ndani ya mita 300 kutoka pwani wasizidi maili 5 za baharini kwa saa. Wengi wanaitii. Hao wengine ndio sababu ya boya.

Bibi mstaafu huingia wa kwanza, kwa ngazi ya chuma, taratibu, akifika shingoni anageuka na kutangaza: "Maji mazuri!" Ndugu zangu, msimwamini mtu wa Marseille akisema maji mazuri. Wanasema hivyo Januari, wanasema hivyo meno yakigongana. Na ubaya zaidi, maji yenyewe ni kigeugeu. Kuna upepo unaitwa mistral, unashuka na bonde la mto Rhône kutoka kaskazini. Ukivuma, unayachukua maji ya juu, yale yaliyopata jua wiki nzima, unayasukuma nje mbali, na maji ya chini yanapanda kuziba pengo. Kwa hiyo mwezi wa saba, jua linawaka, watu wanatiririka jasho barabarani, bahari iliyokuwa nyuzi 24 juzi leo ni nyuzi 15. Kusi na kaskazi zetu zina msimu wake, baharia anajipanga. Huyu wa huku anakuja bila hodi.

Lakini hayo ni madogo. Lililonivuruga akili ni kwamba bahari hii haipwi. Siku za mwanzo niliuliza, kama mtu mwenye akili zake, maji yanajaa saa ngapi. Wakatazamana. Sisi bamvua ikiwa kubwa maji yanapanda na kushuka mita 4 hivi. Hapa hata nusu mita hayafiki. Yametulia kiasi kwamba Wafaransa walijenga kijumba cha kupimia pale Corniche, ukingoni mwa bahari, wakaandika usawa wa maji tangu 1885 hadi 1897, wakapata sifuri yao. Mlima wowote wa Ufaransa bara, hata Mont Blanc, urefu wake unahesabiwa kutoka hapo. Nawaza akina mama wa Jambiani wanaolima mwani wangeletwa hapa: wangekaa ufukweni wakisubiri maji yatoke mpaka kiama.

Kwa kuwa haipwi, hakuna pa kutembea. Unatoka kwenye jabali, unaingia kwenye kina. Na majabali yenyewe, hasa kusini mwa jiji kwenye zile hori nyembamba wanazoziita Calanques, ni chokaa nyeupe iliyochongoka kama mbuzi ya kukunia nazi. Uzuri wake lakini, sitawaficha: genge limesimama wima juu yako, chini yako nyasi za baharini zinalala upande mmoja na kuinuka, na maji ni maangavu hata unakiona kivuli chako na cha boya lako vikitambaa chini kwenye mchanga. Eneo hilo limekuwa hifadhi ya taifa tangu 2012. Hori moja, Sugiton, tangu 2022 kiangazi huingii bila kuomba nafasi kabla. Ni bure, lakini watu 400 tu kwa siku, maana nyayo zilikuwa zinamaliza udongo na misonobari. Yaani mtu anaandika maombi ya kwenda kuoga! Waambieni vijana wa Forodhani.

Karibu na hori nyingine, Morgiou, kuna pango ambalo mzamiaji Henri Cosquer aliligundua mwaka 1985. Mlango wake uko mita 37 chini ya maji, na ndani watu wa kale wamechora farasi na sili na alama za viganja vyao. Zamani hizo bahari ilikuwa chini sana, wakaingia kwa miguu, wakavu. Hao nawaheshimu.

Wenyeji wa majini pia wapo. Wako konyeza wadogo wa rangi ya zambarau, ambao bibi mstaafu anasema wanauma "kidogo". Kipimo chake ni kilekile cha maji mazuri. Na wako wale wa mviringo wenye miba myeusi, wamebandikana kila jabali. Kwetu ukiwakanyaga unatafutiwa utomvu wa papai bichi. Huku papai bichi hulioni, ila watu wamelipa kisasi: kipupwe kikifika wanawapasua kwa mkasi na kuwala wabichi. Nimeonja. Ni bahari yenyewe, bila ubwabwa.

Sasa nawaletea shauri la biashara. Mbele ya jiji hili kuna kisiwa chenye gereza la zamani, Château d'If, ambalo Alexandre Dumas alilitia katika riwaya yake: mfungwa anatupwa baharini ndani ya gunia, tufe la mzinga miguuni, na anaokoka kwa kuogelea. Mtu huyo hakuwahi kuwapo. Hata hivyo tangu 1999 kuna mashindano ya kilomita 5 kutoka kisiwani hapo hadi ufukweni, na watu wanalipa kiingilio ili watoroke gereza ambalo halina mfungwa.

Sisi tunacho kisiwa cha Changuu. Gereza tunalo, nalo halikuwahi kufunga mtu. Maji ni ya moto mwaka mzima, suti ya mpira haihitajiki, na kutoka hapo hadi Forodhani ni kilomita tano na ushei. Watalii watalipa, tena kwa dola, tukiwapa boya na cheti. Wekeni kamati, muulizeni mwenye boti bei ya mafuta, na siku ichaguliwe na nahodha, si na mwenye kamera. Mimi msiniandike katika waogeleaji. Nitakuwa ndani ya boti, napokea kiingilio.